Mkono na Kinywa: Kuimba kwa Gitaa la Vidole kutoka Katanga hadi Vitongoji vya Dar es Salaam

Mwanamke atwangaye huimba, mvuvi avutaye jarife huimba, na mpukuchua mahindi huzungumza tangu asubuhi hata jioni bila ya mkono wake kukosa punje. Kazi hizo na maneno hukaa pamoja kwa amani. Lakini kijana aliyekwisha kujifunza wimbo mgumu wa gitaa, ule upigwao kwa ncha za vidole, akaupiga peke yake pasipo kosa, hupatwa na ajabu siku ya kwanza anapofungua kinywa ili auimbe. Ama mkono husimama, ama maneno huvutwa na mkono yakatamkwa kinyume cha desturi yake. Shida hiyo yajulikana sana na vijana wa Kinondoni, Temeke na vitongoji vingine vya Dar es Salaam, ambako gitaa kavu hupitishwa kutoka mkono hadi mkono kibarazani baada ya kazi.

Aghalabu shida hiyo huhesabiwa kuwa ni ya vidole, na dawa yake husemwa kuwa ni kuzoea tu. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya shida ni ya lugha, na kwamba historia ya gitaa katika nchi zisemazo Kiswahili yaweza kusomwa kama historia ya majibu matatu yaliyotolewa kwa shida hiyo moja. Jibu la kwanza ni kupishanisha, yaani mtu mmoja kupiga na kuimba kwa wakati ule ule, mkono ukifuata njia yake na kinywa njia yake. Jibu la pili ni kupokezana, yaani gitaa kusema wakati kinywa kimenyamaza. La tatu ni kugawana, yaani kumpa mtu mmoja kazi ya kuimba na wengine kazi ya kupiga. Majibu mawili ya mwisho yamehifadhiwa kwa wingi katika santuri na kanda. La kwanza ndilo lililo hatarini, na likipotea hupotea pamoja nalo ushahidi wa thamani juu ya mkazo na mizani ya Kiswahili.

I. Ala zilizotangulia

Gitaa halikukuta nyumba tupu Afrika Mashariki. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hupiga nyuzi nane kwa vidole vya mikono miwili, hugonga ukingo wa ala yake kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole cha mguu, na huku anaimba habari ndefu za watu na vifo vyao. Mgogo apigaye ilimba huchezesha vyuma vyake kwa vidole, gumba la kulia likisema jambo moja na la kushoto jingine, na sauti yake hupita juu ya yote mawili. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha sanaa hiyo Bagamoyo na kutoka huko katika majukwaa ya dunia. Waliomsikia wanakumbuka jinsi sauti yake ilivyoweza kutengana kabisa na vidole vyake na bado ikabaki ndani ya wimbo ule ule.

Pwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Mpiga udi aimbaye, kama alivyokuwa Zein l'Abdin wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, kwa kawaida huufanya udi kuwa mwandani wa sauti. Kinywa kikipanda, udi hupanda nacho. Kikitua, udi hujaza nafasi iliyoachwa kwa mapambo. Mkono na kinywa husafiri katika njia moja, mmoja akimshika mwenziwe mkono. Huu nao ni ustadi mkubwa, lakini haumfundishi mtu kutenganisha njia mbili katika mwili mmoja. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam aliyekulia katika masikizi ya taarabu, aliposikia kwa mara ya kwanza gitaa la Katanga, alisikia kitu kilicho kigeni kwake, ingawa maneno yalikuwa ni ya lugha yake mwenyewe.

II. Katanga na njia ya kurudi

Kwamba maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili si jambo la bahati. Katika karne ya 19 Wayeke, watu wenye asili ya Unyamwezi na Usumbwa, walizifuata njia za misafara ya pembe na shaba hata wakavuka Tanganyika. Kiongozi wao Msiri alijenga makao yake Bunkeya, akatawala nchi kubwa ya Katanga mpaka alipouawa mwaka 1891 na ujumbe wenye silaha uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye Wabelgiji walipofungua migodi ya shaba, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kazi baina ya wachimbaji waliotoka makabila mengi. Mambo hayo yamechunguzwa kwa urefu na Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986. Katika makambi ya migodi, katika karakana na katika vituo vya reli ndipo gitaa liliposhika mizizi, kwa kuwa ni ala ambayo mtu mmoja mwenye mshahara aliweza kuinunua, kuibeba na kuitawala bila ya kuwangoja wenziwe.

Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 na ambaye baadaye alipenda kuitwa Mwenda wa Bayeke, alikuwa mtoto wa historia hiyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika ya kati na kusini ili kunasa muziki wa watu wake, alimnasa mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Miongoni mwa nyimbo za siku zile ni "Masanga" na "Bombalaka". Santuri zilitolewa kwa alama ya Gallotone ya Afrika Kusini, zikaenea mashariki hata Nairobi na pwani. Kampuni hiyo hiyo iliuza na magitaa yenye jina hilo, hata mtu akaweza kununua sauti na chombo chake kutoka mlango mmoja.

Katika kupiga, Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, la shahada likacheza juu ya nyuzi nyembamba, na msikilizaji asiyemwona mpigaji aweza kuapa kwamba amesikia magitaa mawili. Wapigaji wengine wa Katanga, kama Edouard Masengo na Losta Abelo, walikuwa na mikono yao tofauti, lakini kanuni ilikuwa ile ile. Mara nyingi mtu wa pili alisaidia kwa kugonga chupa kwa kipande cha chuma, ili mwendo usipotee.

Jambo moja katika historia ya "Masanga" lastahili kuangaliwa kwa makini. Katika santuri ya mwaka 1952 wimbo huo ni wa gitaa tupu, hakuna aimbaye. Baadaye ndipo Mwenda alipoutoa tena ukiwa na maneno, kwa jina la "Masanga Njia". Yaani hata kwa bingwa mwenyewe, katika wimbo huu mashuhuri kuliko zote alizopiga, mkono ulitangulia na kinywa kikafuata. Mwanafunzi wa kibarazani ahangaikaye kutia sauti juu ya vidole vyake hafanyi kinyume cha mapokeo. Yumo katika njia ile ile aliyopita fundi.

Wataalamu waliutambua mapema ugumu wa kazi hiyo. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft, mwalimu wa lugha za Kinguni katika Chuo Kikuu cha London, alichapisha uchunguzi wake juu ya gitaa la Mwenda katika jarida la African Music, akiziandika nyimbo pigo kwa pigo. Si ajabu kwamba aliyeishika kazi hiyo alikuwa mtu wa lugha. Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alikwenda Shaba, jina walilopewa Wakatanga kwa jimbo lao wakati ule, akajifunza miguuni pa Mwenda na Masengo, na habari zake zikachapishwa Vienna mwaka 1982. Mmoja alitegemea sikio na kalamu. Mwingine alitaka kuuona mkono. Njia zote mbili zilihitajiwa.

III. Mizani, mkazo na gumba

Ni nini basi kinachomshinda mwanafunzi? Ili kujibu, yafaa kuiacha historia kidogo na kuitazama lugha.

Mkazo wa Kiswahili una kanuni nyepesi: huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Neno likiongezwa kiambishi mwishoni, mkazo huhama nalo. Katika "anaimba" mkazo uko juu ya "i". Katika "anaimbaje" umehamia juu ya "mba". Msemaji hahitaji kufikiri juu ya jambo hilo, kwa sababu katika maongezi hakuna kinachomngoja mahali fulani. Lakini gumba la mpiga gitaa lina mahali pake, na halihami.

Na ichukuliwe mathalan duru ya mapigo madogo 16, ambamo gumba huangukia pigo la 1, la 5, la 9 na la 13, na kidole cha shahada hujaza yaliyo katikati. Juu ya duru hiyo na utiwe mstari wa mizani 8, kila mizani ikichukua mapigo mawili. Mizani ya kwanza itaanguka katika pigo la 1, ya pili katika la 3, ya tatu katika la 5, na hivyo hivyo hadi ya nane katika pigo la 15. Mizani ya saba, ambayo ndiyo ya pili kutoka mwisho, itaangukia pigo la 13, pale pale linapoanguka gumba. Mwimbaji akisema "Mtoto yu mlangoni", silabi "ngo" itakutana na uzi mnene, na maneno yatakaa kama kifuniko juu ya chungu chake.

Sasa na abadili neno moja, aseme "Mama yu mlangoni". Mizani zimekuwa 7. Akianza mahali pale pale alipoanzia kwanza, "ngo" itaangukia pigo la 11, mahali pa kidole cha shahada, na gumba la pigo la 13 litakutana na "ni", silabi isiyo na mkazo. Hapo ndipo mwanafunzi hujikwaa. Ama ataivuta "ni" ili ilingane na gumba, na Kiswahili chake kisikike kama cha mgeni. Ama ataliharakisha gumba limfuate, na wimbo uvunjike. Mjuzi hafanyi lolote katika hayo mawili. Huacha pigo la kwanza likapita kinywa kikiwa kimefungwa, akaanza "Mama" katika pigo la 3. Mkazo wa "ma" wakaa pale ulipokaa mkazo wa "to", na "ngo" yarudi juu ya gumba. Alichojifunza mjuzi huyo ni mahali pa kunyamaza.

Yafuata kwamba ubeti wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, jambo ambalo kila mwalimu wa gitaa amelishuhudia na wachache wamelieleza. Ubeti wa kwanza mwanafunzi huukariri pamoja na mkono, silabi kwa pigo, kama mtu akaririye sala katika lugha asiyoijua. Ubeti wa pili huja na maneno yenye urefu mwingine na mikazo mahali pengine, na mkariri hubaki mikono mitupu. Asiyeweza kuimba ubeti wa pili hakuwahi kuuimba wa kwanza, aliubandika tu.

Liko jambo jingine liwahusulo hasa wakazi wa Dar es Salaam wanaojifunza nyimbo za Katanga. Katika Kiswahili cha Katanga kiambishi kinachosemwa "m" pwani husemwa "mu". Mwenda aliimba "muke" na si "mke". Kwa hesabu ya mizani maneno hayo ni sawa, kila moja lina mizani mbili, na mshairi hataona tofauti. Lakini kwa mwimbaji tofauti ni kubwa. Katika "mke" mkazo umeangukia "m", sauti ambayo hutamkwa midomo ikiwa imefungana. Yaweza kuvumishwa puani, lakini haiwezi kupaazwa. Na ikiwa wakati huo huo gumba limeupiga uzi mnene, uzi huifunika. Katika "muke" mkazo umepata irabu, na irabu hupita juu ya uzi bila shida. Kijana wa Temeke aimbaye wimbo wa Katanga akiurekebisha kwa Kiswahili chake cha pwani, huona neno lake limemezwa na gitaa asijue sababu. Wengine huliacha neno katika sura yake ya Kikongo, na watu hudhani ni kuiga kwa kujionyesha. Kumbe sikio lao limegundua jambo la fonolojia ambalo halijasemwa darasani.

IV. Dar es Salaam: kupokezana na kugawana

Wakati santuri za Katanga zilipokuwa zikienea, Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuwa na muziki wake wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliasisiwa katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga nyumba za kota Ilala, Temeke na Magomeni kwa ajili ya watu wa kazi, na mji ukaanza kuvuka mipaka yake ya zamani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mtu asiyemiliki gramafoni akaweza kusikia gitaa kwa jirani. Nairobi nako palikuwa njia panda: Masengo na Mwenda walifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapiga na kurekodi, na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa akiwaongoza Waluhya wenziwe katika upigaji wa gumba na kidole cha shahada, huku akiimba kwa Kiswahili.

Lakini bendi za Dar es Salaam hazikuifuata njia ya mtu mmoja. Western Jazz, Kilwa Jazz na nyinginezo, na baadaye NUTA Jazz iliyoasisiwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, ziliigawa kazi. Gitaa la solo lilipewa mtu wake, la rizimu wake, la besi wake. Tarumbeta na saksafoni zikawa na watu wao. Na mbele wakasimama waimbaji wawili au watatu wenye mikono mitupu. Sababu si za muziki peke yake. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wachezaji wengi, na gitaa la umeme lilitaka mtu mzima wa kulishughulikia. Zaidi ya hayo, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe chama, shirika au tajiri. Mwanamuziki alivikuta ukumbini na kuviacha ukumbini. Mwimbaji hakuwa na gitaa la kwenda nalo nyumbani, wala hakuulizwa kama anaweza kulipiga.

Faida ya mpango huo ni dhahiri. Mwimbaji aliyefunguliwa mikono aliweza kuwa mtunzi wa habari ndefu, na Kiswahili cha nyimbo za dansi kikapata upana na ufasaha ambao si rahisi kuupata kwa mtu ashughulikaye na nyuzi. Hasara yake haikuonekana upesi. Mkazo wa neno na pigo la gitaa, vilivyokuwa vikipatanishwa ndani ya mwili mmoja, sasa vilipatanishwa katika mazoezi baina ya watu wawili. Na watu wawili wakishindwa kupatana, mwenye nguvu hushinda.

Baina ya njia hizo mbili alisimama Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya gari mwezi Januari 1979. Akiwa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliimba na kupiga gitaa la solo, mambo ambayo bendi nyingine ziliyagawa. Asikilizwapo kwa makini huonekana kwamba aghalabu hakuyafanya yote mawili kwa nguvu moja kwa wakati mmoja. Kinywa kikisema, gitaa hutia neno dogo pembeni au hunyamaza likamwachia rizimu. Kinywa kikifunga, gitaa hushika usemi na kuurefusha. Ni desturi ya kuimba na kuitikia, isipokuwa kwamba mwimbaji na mwitikiaji ni mtu yule yule. Kwa njia hiyo mkazo wa maneno ulibaki salama, kwa kuwa hapakuwa na gumba la kugombana nao. Hili ndilo jibu la kupokezana, na kwa umeme na kwa ukumbi huenda likawa ndilo bora.

Katanga haikukaa mbali. Katika miaka ya 1970 Orchestra Maquis, wanamuziki waliotoka upande wa Lubumbashi, walitia nanga Dar es Salaam, na baadaye ukumbi wa Lang'ata huko Kinondoni ukawa mmoja wa vituo vyao. Mwaka 1978 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Alikaa Sinza, na mahali alipokaa pakachukua jina lake. Hata baada ya kufariki kwake mwezi Desemba 2010 na baada ya Sinza kutengwa na Kinondoni na kutiwa katika Wilaya mpya ya Ubungo, abiria bado hushuka "kwa Remmy". Aliyemsikiliza Remmy alisikia tena, katikati ya magitaa matatu ya umeme, Kiswahili chenye irabu za bara. Njia ya misafara iliyowapeleka Wayeke magharibi ilikuwa sasa imerudisha muziki mashariki. Lakini ulirudi ukiwa na bendi nzima, na mtu wa gumba na kidole cha shahada alikuwa amebaki nyuma.

V. Kibarazani

Hakubaki nyuma kabisa. Ustadi wa kupiga na kuimba kwa mtu mmoja uliendelea mahali ambapo bendi haikufika: kibarazani, katika vikundi vya vijana wa makanisa, na katika saa za mchana ambapo wanamuziki wa usiku hawana kazi. Gitaa kavu halihitaji umeme wala ruhusa ya mwenye vyombo. Katika miaka ya karibuni waimbaji kama Carola Kinasha, Vitali Maembe na Leo Mkanyia wamelirudisha mbele ya hadhara, mwimbaji na gitaa lake wakiwa jambo moja.

Mafunzo ya kibarazani hayana kitabu. Mwenye kujua hupiga, mwenye kutaka kujua hutazama mkono. Hata hivyo mpango wake waweza kuelezwa. Kwanza ni gumba peke yake, mpaka mwanafunzi aweze kuamkiana na wapita njia bila ya gumba kukosa. Jaribio hilo la kuamkiana si mchezo. Anayeweza kujibu "marahaba" huku gumba likienda amekwisha kupata nusu ya safari, kwa kuwa ametamka neno lenye mkazo wake wenyewe juu ya pigo lisilomngoja. Kisha huja kidole cha shahada. Kisha huja sauti pasipo maneno, ya puani, ili kinywa kiijue njia yake kabla ya kubebeshwa mzigo. Kisha huja irabu, na mwisho konsonanti.

Hatua ya mwisho ndiyo aghalabu isiyofundishwa, na kwa ajili yake wengi huishia katika ubeti mmoja. Ni hatua ya kuusema wimbo kama usemi wa kawaida juu ya vidole, bila ya sauti ya kuimba, na kutazama ni silabi ipi iangukayo juu ya gumba. Afanyaye hivyo ataona mwenyewe kwamba mistari mingine yataka kuanza mapema na mingine yataka kungoja. Atajua kwamba kiambishi kimoja kikiongezwa mwishoni humtaka aanze mbele kidogo au atie silabi mbili katika nafasi ya moja. Kwa ufupi, atakuwa amejifunza sarufi ya mkazo kwa mkono wake wa kulia. Wako wapigaji wasiojua kusoma walioijua sarufi hiyo vizuri kuliko watunzi wengi wenye vyeti.

VI. Yapasayo kufanywa

Katika uchunguzi wa nyimbo za Kiswahili imekuwa desturi kuyaandika maneno, kuyapanga katika mistari, kuyahesabu mizani na kuyajadili kama mashairi. Desturi hiyo imezaa matunda, wala haifai kulaumiwa. Lakini wimbo wa mpiga gitaa aimbaye peke yake ukiandikwa hivyo hupoteza nusu yake, kwa sababu karatasi haionyeshi ni silabi ipi iliyoangukia gumba, ipi iliyocheleweshwa, na mahali gani kinywa kilifungwa ili mkazo upate mahali pake. Msomaji aonapo mstari wa mizani 7 baada ya mstari wa mizani 8 huweza kusema kwamba mtunzi amekosa. Na huenda mtunzi hakukosa, bali mizani ya nane ameiacha kwa gitaa.

Kanda zilizorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam ni hazina kubwa, lakini nyingi ni za bendi, yaani za jibu la kugawana. Na kanda huhifadhi sauti, haihifadhi mkono. Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990, na Masengo mwaka 2003. Waliojifunza kwa kuwatazama watu wa kizazi hicho sasa ni wazee, na baadhi yao wapo katika vitongoji hivi hivi vya Dar es Salaam, mwendo wa nauli moja ya daladala kutoka vyuo vinavyochunguza lugha.

Kazi inayotakiwa haihitaji fedha nyingi. Yatosha picha na sauti zinaswe pamoja, jicho moja la kamera likiuangalia mkono wa kulia na jingine kinywa. Mwimbaji aombwe kuimba ubeti wa kwanza na wa pili, si wa kwanza peke yake. Kisha aombwe kuyasema maneno yale yale bila ya gitaa, ili mikazo ya usemi ipate kulinganishwa na mikazo ya wimbo. Katika kulinganisha huko ndimo itakamopatikana habari ya namna wasemaji wa Kiswahili wa bara na wa pwani wanavyousikia mkazo wa lugha yao wanapolazimishwa kuuchagulia mahali. Wazee hao hawana haja ya kuelezwa nadharia. Wanahitaji kupewa gitaa lenye nyuzi zote sita, na kuachiwa muda wa kulitengeneza sauti kabla ya kuanza.